Doa la Chai Katika Nyumba Tano

Msimamizi wangu alipanga picha tano mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegawa karata ambazo tayari anazijua. Kisha akasukuma miwani yake juu ya pua na kuniuliza kama kuna kitu ninaona.

Niliona kazi yangu. Katika kila picha kulikuwa na duara la kadibodi lenye miezi ya mwaka limetundikwa ukutani: sebule tofauti, rangi tofauti ya ukuta, makochi yenye vitambaa tofauti. Nilimwambia ninaona watu wamelipokea vizuri.

"Angalia mwezi wa nne," akasema.

Juu ya mwezi wa nne palikuwa na doa la kahawia, nusu mviringo, ukubwa wa kitako cha kikombe.

"Nyumba ya pili," akasema akigusa picha ya kwanza. "Nyumba ya tano. Ya sita. Ya tisa. Ya kumi na moja. Doa lile lile."

"Labda wote wanakunywa chai, Daktari."

"Kwa kikombe kimoja? Na wote wanakiweka juu ya mwezi wa nne?"

Mama huyu alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama kumi, na alikuwa na uwezo wa kunyamaza ambao mimi sikuwahi kuupata hata kanisani. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya chuo chetu pale Ruiru, na dirishani niliona watu wakivuka barabara kwenda kununua chakula cha mchana, watu wasio na madoa ya kueleza. Hakuniita mwongo. Alisema tu jinsi mambo yanavyoonekana: kwamba mtu amechukua duara moja, akalitundika kwa marafiki zake, akalipiga picha, kisha akakaa chini na kujiandikia majibu ya wakulima kumi na wawili. Majibu yenyewe, akaongeza, hayasaidii. Hakuna kitu duniani kinachopendwa hivyo.

Alinipa wiki tatu. Nikishindwa kueleza, tasnifu yangu haingefika mbele ya jopo. Ingepelekwa kwa kamati ya nidhamu, na anayepatikana amepika utafiti harudii mtihani. Anarudi nyumbani.

"Mzee wangu, sitaki kukupeleka huko," akasema. "Lakini nitakupeleka."

Kurudi nyumbani kwangu ni Makongeni, Thika, si mbali. Shida ni kwamba sikuwa na kazi ya kurudia. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa maboksi. Kiwanda chetu kilitengeneza katoni, na mimi ndiye niliyeamua kifuniko kikunjwe wapi na mkono wa mbebaji uingie wapi. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya fasihi, jambo linaloeleza vizuri kwa nini niliishia kwenye kiwanda cha katoni. Wikendi niliandika insha ambazo zilisomwa na mke wangu na bwana mmoja asiyekubaliana nami kuhusu chochote. Kisha ikaja mashine yenye skrini, inayochora boksi yenyewe kabla hujamaliza kuelezea unachotaka. Wakubwa walituita wakauliza nani angependa kuondoka kwa heshima. Niliinua mkono kabla sijaelewa swali.

Nikiwa na miaka arobaini na saba niliamua kwamba siku zote nimekuwa msanifu, ila hakuna aliyenijulisha. Nikaomba nafasi ya kusomea uzamili wa usanifu.

"Na ukimaliza utakuwa nani?" mke wangu aliniuliza. Yeye ni muuguzi, na maswali yake huwa mafupi.

"Msanifu."

"Na sasa hivi wewe ni nani?"

Jibu akanitafutia mwenyewe. Tangu siku hiyo aliniita Mwanafunzi. Mwanafunzi, umekula? Mwanafunzi, gesi imeisha.

Siku ya kwanza darasani, wenzangu waliponiona nikiingia walinyamaza na kufunga simu zao. Walidhani mimi ndiye mhadhiri. Niliwaacha waamini hivyo kwa dakika mbili, ambazo hadi leo ni dakika zangu bora katika elimu ya juu. Kisha nikaketi mbele kabisa, kwa sababu ya macho, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akasema taratibu, "Kumbe ni wetu." Baada ya hapo walinisalimia "Niaje mzee" na kunionyesha vibonye vya kompyuta ambavyo vidole vyangu vilikuwa vinaviogopa.

Kila Jumamosi tuliambiwa jambo moja: msikilize mtumiaji. Usimchoree mtu kitu kabla hujamsikiliza. Nililiandika kwenye daftari mara nne na kulipigia mstari mara mbili. Ningekuwa nimelielewa, mara moja ingetosha.

Kwa mradi wangu nilichagua wafugaji wa Gatuanyaga, mashariki ya Thika, ambako ardhi ni kavu, vumbi ni jingi, na familia nyingi zina ng'ombe wawili au watatu wa maziwa. Ng'ombe akishapandishwa kwa sindano ya mbegu, mfugaji anahesabu. Baada ya siku ishirini na moja anatakiwa kuangalia kama joto la kutaka dume limerudi. Likirudi, mbegu haikushika, na daktari wa mifugo aitwe tena siku hiyo hiyo. Ukisahau siku hiyo, umepoteza wiki tatu nyingine, na ng'ombe anaendelea kula kama kawaida. Niliwauliza watu wachache wanakumbukaje, wakaniambia wanakumbuka tu kwa kichwa, na mara nyingine kichwa kinasahau.

Mtu wa maboksi akipewa tatizo lolote, jibu lake ni kadibodi. Nilitengeneza maduara mawili, moja juu ya jingine, yameshikwa katikati na kipini. La chini lilikuwa na miezi na tarehe zote za mwaka. La juu lilikuwa na mshale na madirisha matatu. Ukielekeza mshale kwenye siku ya sindano, dirisha la kwanza linakuonyesha siku ya kuangalia joto, la pili siku ya kuacha kukamua, la tatu siku ya kuzaa. Nilichagua rangi nne. Niliyachapisha kwenye duka moja la Gitothua, na nilipoyabeba mikononi, bado yananuka wino, nilihisi kama mtu aliyegundua mwaka.

Nikayapeleka katika nyumba kumi na mbili. Baada ya mwezi nikarudi kuuliza yamesaidiaje, na hapa ndipo ukiwanda wangu ulipojitokeza. Nilipanga dakika arobaini kwa kila nyumba, nyumba nne kwa siku. Nilimkodi mtu wa bodaboda, mwanamume wa makamo kama mimi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, na kumwambia asubiri mlangoni kabisa. Nilipiga simu siku moja kabla ili nisimkute mtu shambani. Niliingia na mkate na sukari, kama mama yangu alivyonilea. Tuliomba, tulikunywa chai, niliuliza maswali yangu kumi, nikalipiga picha duara ukutani, nikaaga. Wenyeji walipoinuka kutoka nami, niliwaambia, "Msijisumbue, pikipiki iko hapa." Niliona hiyo ni kuheshimu wakati wao. Kabla hawajavaa viatu, mimi nilikuwa nimeshageuka kuwa vumbi.

Majibu yalikuwa matamu. Ni nzuri sana. Imetusaidia. Mungu akubariki kwa hiyo kazi. Niliwaomba walipe duara alama kati ya moja na kumi, wakalipa kumi. Mzee mmoja alilipa kumi na moja. Nilipochora grafu, mstari ulinyooka juu kabisa kama dari. Mtafiti mwenye akili angeshtuka. Mimi niliichapisha kwa rangi.

Jioni ya siku ile ya picha tano nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anakata sukuma wiki na hakuacha kukata.

"Ulidanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi umedanganywa. Nenda ukaulize na nani."

Nilianza na nyumba ya pili, ya shosho mmoja, mwanamke mzee, mwembamba, mchangamfu, aliyekuwa ameniita Daktari tangu siku ya kwanza kwa sababu mtu yeyote anayekuja kuuliza habari za ng'ombe lazima awe daktari. Safari hii sikupiga simu. Alinipokea kana kwamba alikuwa ananingoja. Tuliomba. Chai ikaja. Niliangalia ukuta: palikuwa na kalenda ya kanisa, picha ya harusi, na msumari mtupu.

"Shosho, duara liko wapi?"

"Iko. Ni nzuri sana."

"Naona msumari tu."

"Imeazimwa."

"Na nani?"

"Kunywa chai, Daktari, inapoa."

Nilikunywa chai. Niliuliza tena kwa njia nyingine, na kila njia iliishia kwenye kikombe. Nilipoaga na kutoka nje, bodaboda haikuwepo. Mwenyewe alikuwa amenitumia ujumbe: tairi limeingia mwiba, analisukuma hadi kwa fundi, nitamkuta kwenye maduka. Nilisimama pale uani na begi langu, mtu wa dakika arobaini asiye na pikipiki.

Shosho alijitupia leso mabegani, akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea ukuta. "Wacha nikusindikize kidogo," akasema.

Tulitembea. Aliuliza habari za mama yangu, nikamwambia alishatangulia. Aliuliza habari za mvua huko Thika. Akanionyesha shamba la jirani, ua wa jirani, mbwa wa jirani ambaye hana haya. Tulipoupita ule ua, nyumba yake ikiwa haionekani tena nyuma yetu, alipunguza mwendo.

"Sasa kijana yangu, nikuambie kitu. Usikasirike."

"Sikasiriki, shosho."

"Hiyo duara yako, ng'ombe alikula."

Nilisimama.

"Ulisema niweke karibu na zizi, nikaweka. Siku ya pili asubuhi nikapata amebakisha ile kitu ya chuma. Na vile umeipaka rangi mzuri."

"Lakini nililiona ukutani kwako. Nililipiga picha."

"Hiyo ni ya mama mwenyekiti wa kikundi chetu. Yake ndiyo ilibaki mzima. Ya jirani ilinyeshewa ikafura kama mandazi. Ingine mbili ziko kanisani, jua likiwa kali tunajipepea nazo, hapo kusema ukweli zinafanya kazi." Aliendelea kutembea, nami nikamfuata. "Ukipiga simu ati kesho unakuja, sisi tunaanza kuulizana, nani ako na duara ya Daktari? Ukimaliza kwa mmoja, yeye anapitishia mwenzake kwa ua. Wewe na pikipiki mnazunguka na barabara. Ilikuwa inafika kabla yako."

"Na doa la chai?"

"Hiyo ni mama mwenyekiti. Aliweka kikombe juu yake siku ile ile uliileta. Aliomba kikundi msamaha."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hawakunivua viatu. "Mtu ametoka Thika, amebeba mkate, amebeba kazi ya mikono yake, ako ndani ya nyumba yangu na kikombe mkononi. Nimwambie ati ni mbaya? Ningekuambia hapa njiani. Lakini wewe ukitoka tu, umepanda pikipiki, umeenda. Tukasema basi, huyu hataki kuambiwa."

Mimi nimezaliwa na mwanamke ambaye hakumwambia mgeni neno gumu ndani ya nyumba maisha yake yote. Sebuleni mama alikubali kila kitu. Kisha alimsindikiza mgeni hadi kwenye ua wa mwisho, na hapo walisimama muda mrefu kuliko walivyokuwa wameketi, na hapo ndipo maneno ya shamba, ya ndoa na ya ugomvi yaliposemwa. Kila mtu kwetu alijua kwamba ziara huanza inapokaribia kuisha. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Ilibidi nisome hadi uzamili ndipo nisahau.

"Sasa siku mnazijuaje?" nikamuuliza.

"Si tunaandika kwa mlango."

Mlango gani? Nilikuwa nimeingia nyumba kumi na mbili na kuona sebule kumi na mbili. Shosho aliangalia jua, akahema, akageuka, tukarudi njia yote hadi kwenye zizi lake. Mlango wa mbao ulikuwa umejaa maandishi ya makaa kutoka juu hadi chini: tarehe za sindano, dawa ya minyoo, siku ya kuacha kukamua, na katikati yake siku ya kufungua shule na siku ya mazishi ya mtu fulani. Lilikuwa gazeti la nyumba nzima.

"Daktari wa mbegu akimaliza, mkono yake ni chafu na yangu ni chafu," akasema. "Nani ataingia kwa nyumba kuzungusha duara? Makaa iko hapa, mlango iko hapa. Shida ni mbili tu. Mvua inafuta. Na mzee wangu anaandika kama kuku amekanyaga."

Niliyaandika hayo mawili. Kwa miezi minane nilikuwa nimeyatafuta.

Kisha akanisindikiza tena, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akirudi. "Mara mbili siku moja," alisema kwenye ua wa jirani. "Wataanza kusema umeniandika kazi."

Nilizipitia zile nyumba nyingine kumi na moja kwa miguu. Nilikaa, nilikunywa, nilisikia kwamba duara langu ni zuri sana, kisha nikangoja kusindikizwa. Kila mahali ukweli ulikuwa na mpaka wake. Kwa mmoja ulikuwa lango, kwa mwingine mti wa mgunga, kwa yule mzee aliyetoa alama kumi na moja ulikuwa kona ya barabara, ambapo aliniambia bila chuki kwamba hakuwahi kuelewa kile kitu kinazunguka kwenda upande gani.

Nilibaki na siku nne kabla ya wiki tatu kuisha. Nilimpelekea msimamizi maelezo yangu. Aliyasoma mbele yangu, akayasoma tena.

"Ni hadithi nzuri," akasema. "Na wewe ni mwandishi."

Kisha akasema Jumamosi atakuja mwenyewe.

Nilimwomba aliache gari lake karibu na kanisa, mwendo wa robo saa kutoka kwa shosho, nikamwambia barabara ya mbele ni mbovu. Ilikuwa mbovu kweli, ingawa si kwa kiasi hicho. Shosho alikuwa ametandika vitambaa vipya. Tuliomba, kwa urefu unaomstahili mgeni kutoka Ruiru. Chai ikaja na mkate niliouleta mimi. Msimamizi akafungua daftari.

"Mama, lile duara ulilopewa. Lilikusaidia?"

Shosho alijifuta mikono kwa leso. "Sana," akasema. "Hata tunashangaa tulikuwa tunaishi namna gani bila hiyo."

Chai ilinipitia njia isiyo yake. Nilikohoa. Nilikohoa tena, kwa maana zaidi, nikimtazama shosho. Yeye alinitazama kwa huruma na kuniambia nitafute tangawizi. Msimamizi aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akaweka kalamu juu yake. Nilimwelewa shosho vizuri sana. Ndani ya nyumba, mbele ya kikombe, hata kuniokoa kusingekuwa adabu. Kumwelewa hakukunisaidia kumeza.

"Basi asante sana, mama," msimamizi akasema akiinuka. "Usijisumbue, tutaita boda hapo nje."

Mtu wangu wa bodaboda alikuwa ng'ambo ya njia, ameketi juu ya pikipiki na koti lake la mvua. Nilimtazama moja kwa moja machoni na kusema, "Daktari, hapa leo hakuna boda." Mwenye pikipiki, Mungu ambariki, aligeuza uso na kuanza kukagua tairi lisilokuwa na mwiba.

"Wacha niwasindikize kidogo," shosho akasema.

Nilibaki nyuma hatua kadhaa, kama mtu anayefuata jeneza lake mwenyewe. Mbele yangu walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za mama wa msimamizi, ambaye kumbe naye anafuga. Walikifikia kile kipande cha ua, mbwa asiye na haya akabweka, wakaupita. Fimbo ya shosho ikapunguza mwendo.

"Sasa mama, nikuambie ukweli, na usimfukuze huyu. Hana makosa. Ni vile hajui ng'ombe."

Msimamizi alisimama. Shosho akaendelea: ng'ombe aliyekula, duara lililofura, mama mwenyekiti na kikombe chake, ua kwa ua hadi nyumba ya kumi na moja. Nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika mwaka mzima wa kusimamiwa. Msimamizi wangu alikuwa anacheka, ameshika ua wa jirani kwa mkono mmoja. Walikaa pale muda mrefu. Niliketi kwenye jiwe na kugundua kwamba mabega yangu, ambayo kwa wiki tatu yalikuwa karibu na masikio, yameshuka yenyewe.

Tulipofika kwenye gari aliniuliza, "Kwa nini haya ya kusindikizana hukuyaweka kwenye tasnifu tangu mwanzo?"

"Hayakuwa kwenye fomu."

"Yaandike," akasema. "Hiyo ndiyo tasnifu."

Nilipofika mbele ya jopo, miezi kadhaa baadaye, sikuwa na rangi nne wala kipini. Nilikuwa na mkebe wa rangi nyeusi, ile ya kupaka ubao wa darasa, na bamba la bati ambalo fundi wa Gitothua alikuwa amelitoboa mistari na nafasi za tarehe. Nilikuwa pia na chaki ya mafuta ambayo mafundi wa mbao hutumia, imefungwa kwa kamba. Mlango wa zizi unapakwa rangi, bati linawekwa juu, mistari inachorwa. Mvua haifuti, na kila tarehe ina chumba chake, kwa hiyo hata mwandiko wa kuku unasomeka. Wafugaji kumi walikuwa na milango ya aina hiyo na walikuwa wanaitumia. Wawili waliikataa, na walinikatalia barabarani, kwa heshima zote.

Profesa mmoja aliutazama mkebe, akanitazama mimi. "Kwa hiyo umesoma miaka miwili ili upake mlango rangi?"

"Miaka miwili na miezi mitatu, Profesa. Na waliopaka ni wao. Mimi nilishika mkebe."

Mwingine aliuliza kuhusu picha tano zenye doa, ambazo nilikuwa nimeziweka zote, kubwa, mwanzoni mwa sura ya nne. Nilieleza. Kisha nikaambiwa nisubiri nje.

Niliketi kwenye benchi chini ya ubao wa matangazo. Simu ikatetemeka. Mke wangu ameandika: "Bado wewe ni mwanafunzi?" Niliirudisha simu mfukoni. Mlango ulipofunguliwa, nilijaribu kusoma nyuso zao, lakini wasomi hufundishwa kuficha nyuso. Mwenyekiti wa jopo alisema nimefaulu, pamoja na masahihisho. Aliyataja masahihisho yote. Sikusikia hata moja.

Nilipokusanya vitu vyangu msimamizi alichukua lile bamba la bati, akaliweka kwapani. "Twende," akasema. "Nikusindikize."

Tulishuka ghorofa tatu tukizungumza habari za mvua. Tulipita kaunta ya askari. Tulipovuka kivuli cha jengo, akapunguza mwendo, na moyo wangu ukapunguza pamoja naye.

"Ile sura ya pili," akasema. "Hakuna mtu aliyeimaliza. Hata mimi."

"Sawa, Daktari."

"Una sentensi moja yenye ukurasa mzima. Ikate."

"Nitaikata."

Alilihamisha bati kwenye kwapa jingine. "Na ile barua ya kamati ya nidhamu nilikuwa nimeshaiandika, siku ile ile ya picha. Ilikaa kwenye droo yangu muda huu wote. Nimeichana leo asubuhi, kabla hujaingia."

Sikujua niseme asante au pole, nikasema yote mawili. Tulikuwa tumefika langoni. Alinipa bati langu.

"Kuna watu hapa Ruiru wanatengeneza vyombo vya maziwa," akasema. "Wanatafuta mtu wa kuzungumza na wafugaji. Nimewapa namba yako. Nimewaambia huna haraka."

Tulibaki tumesimama pale langoni kwa muda. Watu walitupita wakienda kula. Baadaye aliaga na kurudi, nami nikamwandikia mke wangu kwamba jina lile sasa anaweza kuliacha. Jibu lilikuja kabla sijafika stendi: "Tutaona. Gesi imeisha."